Figa Moja Haliinjiki Chungu

Msomaji, hapana nyumba ya kale katika Afrika ya Mashariki isiyojua mafiga. Ni mawe matatu tu, wala si mawe ya thamani. Hayakuchongwa na fundi, hayakununuliwa sokoni. Aghalabu yaliokotwa kondeni yakaviringishwa mpaka jikoni. Lakini chungu cha watu kumi hukaa juu yake kikachemka, wala kisimwagike. Ondoa moja, na mawili yaliyobaki, hata yakiwa makubwa namna gani, hayaiwezi kazi. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Nataka kufikiri pamoja nawe juu ya mafiga matatu ambayo maisha ya kijana huinjikwa juu yake. La kwanza ni shabaha, yaani jambo analolikusudia. La pili ni mazoea, yaani jambo alitendalo kila siku bila ya kuambiwa. La tatu ni urafiki, yaani wale awapendao na wampendao.

Sina mvi kichwani, wala sijala chumvi nyingi. Mimi ni kijana wa nchi iliyokuwa ikiitwa Nyanza ya Kusini, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika kaunti za Migori na Homa Bay. Kwa hiyo sikusemezi kama mzee asemezavyo mjukuu wake, ila kama abiria asemezavyo abiria mwenziwe katika mashua moja. Na swali ninalotaka tulipime ni zito kuliko linavyoonekana. Shabaha na mazoea mema husifiwa na kila mwalimu. Urafiki husifiwa na kila mshairi. Lakini shabaha yako ikivuta upande mmoja, na rafiki yako akivuta upande wa pili, utafuata nini? Wajibu wa kijana kwa nafsi yake unaishia wapi, na wajibu wake kwa mwenziwe unaanzia wapi? Kabla ya kulijibu swali hilo yatupasa tulitazame kila figa peke yake.

Tuanze na shabaha. Shabaha si tamaa. Tamaa hutaka kitu. Shabaha hutaka kitu pamoja na bei yake. Simama asubuhi katika mji wa Migori, uitazame barabara kuu iendayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, na upande wa pili ikaelekea Awendo, Rongo, Kisii na Kisumu. Kila gari lipitalo limebeba tamaa za watu. Huyu ataka miwa yake ya Awendo imlipe vyema. Yule ataka dhahabu ya Macalder imtajirishe kwa juma moja. Wa tatu ataka kuvuka mpaka na bidhaa akarudi na faida. Na mwanafunzi mwenye sanduku la bati ataka cheo mjini Nairobi. Hapana kazi ya aibu katika hizo. Aibu, kama ipo, ni kuitaka kazi usiku na kuikimbia mchana.

Nimezoea kuipima kila shabaha kwa maswali matatu, nami nakukaribisha uyatumie. Swali la kwanza: Je, shabaha hii ni yangu? Vijana wengi huazima shabaha kama waazimavyo koti la kwenda nalo arusini. Mmoja ataka kuwa tabibu kwa sababu mjomba wake alisema hivyo mbele ya wageni. Mwingine ataka kuwa tajiri kwa sababu jirani amejenga nyumba ya ghorofa. Lakini nguo ya kuazima haisitiri. Mwenyewe akiidai, hubaki uchi. Swali la pili: Je, nimekubali bei yake? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kunauma mgongo. Asiyetaka kuuma mgongo hana shabaha, ana ndoto. Swali la tatu ni hili, nalo ndilo lisahauliwalo kuliko yote: Nikiupata ushindi huu, nani atakula pamoja nami?

Kwa swali hilo la tatu nitakupa mfano wa mtu ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, kisiwa ambacho leo kimeunganishwa na Mbita kwa daraja. Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga. Hakuzaliwa na mali. Alisomea ukaguzi wa afya katika chuo cha Jeanes kule Kabete, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Mtu mwingine angaliridhika na mshahara ule. Mboya aliwatazama wafanyakazi wenziwe, akaona kuwa kila mmoja aliteta peke yake na kwa hiyo hakusikiwa. Akajitia katika kazi ya vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo katika Kenya. Mwaka 1955 alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin mjini Oxford. Mwaka 1957 akachaguliwa na watu wa Nairobi kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Na mwaka 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra.

Mambo haya ni makubwa, lakini sikuyataja ili ustaajabu. Nataka utazame jinsi shabaha yake ilivyokuwa na nafasi ya watu wengine ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja elimu ya ng'ambo. Angaliweza kuufunga mlango nyuma yake na kubaki mmoja wa wachache waliosoma, kwani uchache huongeza bei. Badala yake aliwatafuta marafiki kule Marekani, miongoni mwao William Scheinman, na kwa msaada wao na wa watu wengine wenye moyo, mwaka 1959 ndege ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Mwaka 1960 msaada wa jamaa ya Kennedy ukaendeleza safari hizo, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla hajatimiza miaka 39, akazikwa Rusinga. Maisha yake yalikuwa mafupi. Shabaha yake ilikuwa ndefu kuliko maisha, kwa sababu aliigawa kwa watu wengi, na risasi moja haiwezi kuua watu wengi.

Sasa tuje kwenye figa la pili. Shabaha hukaa mbali. Mazoea hukaa nyumbani. Shabaha hutajwa mara moja kwa mwaka, siku ya kupanda darasa au siku ya mwaka mpya. Mazoea hutenda kazi kila alfajiri bila ya kutajwa. Ndiyo maana mtu akitaka kujua kijana atafika wapi, asimwulize anataka nini. Na amwulize jana saa kumi na mbili ya jioni alikuwa akifanya nini, na juzi, na siku ya kabla ya juzi.

Katika kaunti ya Migori uko ukuta mkongwe uitwao Thimlich Ohinga. Umezunguka boma la kale, na wataalamu hukadiria kuwa ulijengwa yapata karne ya 16. Mwaka 2018 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mahali pengine kimo chake hupita mita 4. Lakini jambo la ajabu si kimo. Jambo la ajabu ni kuwa ukuta ule haukuunganishwa kwa chokaa, wala kwa udongo, wala kwa saruji. Jiwe limewekwa juu ya jiwe, dogo likabana kubwa, kubwa likakalia dogo, na ukuta umesimama karne kwa karne, na vizazi vya watu mbalimbali wamekaa ndani yake kwa zamu, kila kizazi kikirudishia mawe yaliyoanguka.

Msomaji, kijana hupenda chokaa. Kila aonapo upungufu katika mwenendo wake huapa. Huapa kuwa kuanzia kesho ataamka mapema, kuanzia kesho hatatumia fedha ovyo, kuanzia kesho atasoma saa tatu kila siku. Kiapo ni kama chokaa isiyo na mawe: hung'aa siku ya kwanza, mvua ikinyesha huyeyuka. Wajenzi wa Thimlich Ohinga hawakuwa na chokaa, kwa hiyo walilazimika kulichagua kila jiwe, kuligeuza, kulijaribu na kulikalisha mahali pake. Mazoea mema hujengwa hivyo. Ukurasa mmoja uliosomwa leo ni jiwe. Senti iliyowekwa leo ni jiwe. Neno moja la kweli lililosemwa wakati uongo ulikuwa rahisi ni jiwe pia. Na likianguka moja, mwenye akili haubomoi ukuta mzima kwa hasira. Huinama akalirudisha.

Kuna mithali mbili ambazo watu huzitaja mbalimbali, lakini mimi naziona kuwa ni mithali moja yenye nyuso mbili. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Walisema pia kuwa bandu bandu huisha gogo. Sheria ni ile ile: jambo dogo likirudiwa huwa kubwa. Sheria hii haijui wema wala ubaya. Humtumikia mwekaji akiba na humtumikia mlevi kwa uaminifu ule ule. Hapana kijana aliyekusudia kuharibika. Alibandua kipande kimoja cha gogo, akaona gogo bado lipo. Akabandua cha pili, nalo bado lipo. Mpaka siku alipokuja kukaa akakuta hapana cha kukalia.

Mazoea pia hufundisha macho. Mwaka 1948, katika kisiwa kile kile cha Rusinga, mtaalamu Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, aitwaye Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Wengi walikuwa wamepita juu ya ardhi ile kabla yake, wakakanyaga mawe wakaona mawe. Yeye alikuwa amezoea kutazama chini kwa subira, siku baada ya siku, na siku nyingi kati ya hizo hupita bila ya kupatikana kitu. Watu wasiojua huita jambo la namna hiyo bahati. Lakini bahati ilipolala mchangani, jicho lililozoea ndilo lililoitambua.

Twende sasa ufukoni mwa Homa Bay, maana hapo ndipo mafiga yetu matatu yatakapokutana na kugombana. Wajua kuwa omena, wale dagaa wa ziwa letu, hufuata mwanga. Mvuvi huingia ziwani usiku wa giza, akawasha taa juu ya maji. Samaki hujikusanya penye nuru, na wavu ukateremshwa. Lakini mwezi unapokuwa mpevu ziwa lote hujaa mwanga, na taa ya mvuvi haina tena la kuwaambia samaki. Basi siku za mbalamwezi mashua nyingi hupumzika, na wavuvi hukaa nchi kavu na fedha ya siku za giza mfukoni.

Tuwaze vijana wawili wa ufuko mmoja. Wamekua pamoja, wameogelea pamoja, na siku moja wakiwa watoto mmoja alimwokoa mwenziwe katika mawimbi. Wote wawili wanavua katika mashua moja, na ujira wao ni sawasawa. Mbalamwezi inapofika, wa kwanza hushona nyavu, hupeleka fedha kwa mama yake, na huweka kiasi kwa karo, kwani ana shabaha ya kurudi shuleni. Wa pili, ambaye ndiye aliyemwokoa mwenziwe, huenda penye pombe na kamari, na kila mwezi huja kumwita rafiki yake. Asipokwenda, huambiwa: "Umekuwa na kiburi. Umesahau nani alikutoa majini." Je, kijana huyu wa kwanza afanye nini?

Watu wengi watamjibu upesi: amwache. Vijana huambiwa kila siku kuwa wachague marafiki watakaowafikisha wanakokwenda, na wawaache wale wanaowarudisha nyuma. Nasaha hii ina harufu ya hekima, nami nakiri kuwa ndani yake mna ukweli, kwa sababu mazoea huambukiza kuliko homa. Akaaye na wasomao husoma. Akaaye na watukanao hujifunza tusi kabla ya kujua maana yake. Lakini tuitie nasaha hii katika mizani. Ikiwa mimi namchagua rafiki kwa sababu ya faida yake, basi namchagua kama nichaguavyo ng'ombe wa kulima: natazama meno, natazama nundu, nauliza bei. Na ikiwa nina haki ya kumchagua hivyo, yeye naye ana haki ya kunichagua hivyo hivyo. Basi siku nitakapougua, au nitakaposhindwa mtihani, au nitakapofukuzwa kazini, atafanya sawa akiniacha, na mimi sitakuwa na neno la kumlaumu. Nasaha inayotuahidi marafiki bora, ikifuatwa mpaka mwisho, hutuacha bila ya rafiki hata mmoja. Hutuachia wateja tu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliyaona mambo haya. Aliugawa urafiki katika aina tatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa starehe, na urafiki wa watu wapendanao kwa ajili ya wema walio nao. Aina mbili za kwanza hazikai, alisema, kwa sababu manufaa yakiisha au starehe ikipoa, kamba imekatika. Aina ya tatu hukaa, lakini huhitaji muda mrefu. Wetu hawakuhitaji kumsoma Aristotle ili kuyajua hayo. Walisema kwa maneno machache zaidi kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na kijana wa pili katika mfano wetu alikwisha kumfaa mwenziwe kwa dhiki kubwa kuliko zote, dhiki ya pumzi.

Kwa upande mwingine, siwezi kukubali kuwa deni la uhai hulipwa kwa kufa pamoja. Wako vijana wema walioangamia kwa sababu hawakujua kusema "hapana" kwa mtu wanayempenda. Waliuita udhaifu wao uaminifu. Wakaingia kamarini kwa huruma, wakatoka humo na deni. Na rafiki waliyemfuata hakupona kwa sababu wao waliugua. Kama watu wawili wamo shimoni, nani atatafuta ngazi?

Jibu la swali hili, naona, linajulikana na kila mtoto wa ziwani, ijapokuwa hatulitumii nchi kavu. Mtu anayezama humkumbatia amwokoaye. Hana nia mbaya; hofu humtia mikononi nguvu asizokuwa nazo, akamshika mwokozi shingo, na wote wawili wakazama. Kwa sababu hiyo mwogeleaji mwenye busara hamwendei anayezama kifua kwa kifua. Hubaki katika mashua akamnyoshea kasia. Wala hapigi makasia kwenda zake akisema kuwa mzamaji amejitakia. Hukaa hapo, kwa umbali wa kasia moja, akalishika kwa nguvu upande wake, na kumwita mwenziwe kwa jina. Msomaji, ukumbuke hilo: mpe rafiki yako kasia, usimpe shingo.

Kumpa kasia ni kuyaacha mazoea yake bila ya kumwacha yeye. Kijana wetu wa kwanza asiende penye pombe, hata akiitwa mara mia. Lakini alfajiri na aende nyumbani kwa rafiki yake akamwulize hali. Akiugua, na amchotee maji. Wavu wake ukipasuka, na amshonee. Amwambie ukweli mara moja, faraghani, kwa maneno machache, bila ya mashahidi; kwani nasaha itolewayo mbele ya watu ni fedheha iliyovaa kanzu. Asimpe fedha za kamari, lakini asimnyime chakula. Na siku moja, akisikia tena yale maneno ya kiburi na ya kutolewa majini, na ajibu kwa upole: "Sikusahau. Ndiyo maana sitakuacha, na ndiyo maana sitakufuata." Hayo ni magumu kuliko kumwacha na magumu kuliko kumfuata, kwa kuwa mambo hayo mawili hufanywa mara moja yakaisha, na hili hufanywa kila siku. Urafiki nao ni ukuta usio na chokaa.

Na kama rafiki hatalishika kasia? Inawezekana. Hapana aliyepewa uwezo juu ya mkono wa mwingine. Kijana anaweza kumwita mwenziwe miaka mingi na asiitikiwe. Sitakudanganya kuwa wema hushinda siku zote, maana wewe mwenyewe unao macho. Lakini iko tofauti kati ya mtu aliyempoteza rafiki na mtu aliyemtupa. Wote wawili hubaki wapweke. Wa kwanza hubaki na huzuni, wa pili hubaki na jambo la kujificha nalo. Huzuni, pamoja na uchungu wake, ni mgeni anayeweza kukaa katika nyumba safi.

Sasa tazama tena mafiga, utaona jambo ambalo huenda hukulitia maanani. Hayagusani. Kila moja limekaa mbali kidogo na mwenziwe, na katika nafasi iliyobaki kati yao ndimo kuni zinamopita na moto unamowaka. Yasogeze mpaka yagusane, na hutapata mahali pa moto. Yatenge mno, na chungu kitaanguka. Ndivyo ilivyo katika maisha. Anayeusogeza urafiki mpaka ukaingia ndani ya shabaha yake huwafanya watu kuwa ngazi. Anayeisogeza shabaha yake mpaka ikaingia ndani ya urafiki hana tena njia yake mwenyewe. Huenda rafiki aendako, na rafiki akipotea naye hupotea. Na anayeyafanya mazoea kuwa bwana wa vyote huwa kama punda wa kinu: huzunguka kwa bidii kila siku, wala hajui anasaga nini wala anamsagia nani.

Lakini yakikaa kwa nafasi yake, mafiga haya husaidiana kuubeba mzigo mmoja. Rafiki wa kweli huirekebisha shabaha yako, kwa sababu anaweza kukuuliza lile swali la tatu ambalo wewe unaogopa kujiuliza. Mazoea huulinda urafiki, kwa sababu kupenda bila ya kutembelea, bila ya kurudisha ulichoazima, na bila ya kutunza siri, ni maneno matupu. Na shabaha huyapa mazoea maana, ili kuamka mapema kusiwe adhabu. Wajaluo wanayo desturi ya kale waiitayo saga, ambayo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha siku nyingine wakalima la mwingine. Aliyebuni desturi ile aliyaelewa mafiga yote matatu kwa pamoja: shamba ni shabaha, zamu ni mazoea, na majirani ni marafiki. Hapana aliyeacha shamba lake likae pori kwa ajili ya jirani, wala hapana aliyelima lake akamwacha jirani na njaa.

Katika masoko ya Migori utawasikia Wajaluo, Wakuria, Wakisii na Wasuba wakipatana bei kwa Kiswahili, na mchana huo huo utawasikia wazee wakiwaonya vijana juu ya kabila la upande wa pili. Shabaha ndogo hutosheka na marafiki wa ukoo mmoja. Ikiwa shabaha yako ni kubwa kiasi cha kuwafaa watu wengi, basi marafiki zako nao na wawe wa lugha nyingi. Na ukiona kuwa marafiki zako wote hula chakula kimoja na kuwaogopa watu wale wale, jiulize kama shabaha yako ni kubwa kama unavyoisifu.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, na mimi na wewe bado tu wabichi. Hiyo ni neema, wala haitadumu. Chukua kalamu, msomaji, uandike mambo matatu. Andika kwanza shabaha moja, wala si tano, maana mshika mawili moja humponyoka. Na chini yake uandike majina ya watu watakaokula matunda yake pamoja nawe. Ukikosa jina la kuandika, badili shabaha. Andika pili jambo moja dogo utakalolitenda kila siku, dogo kiasi ambacho hutaona haya kulitenda na hutapata udhuru wa kuliacha. Andika tatu jina la rafiki mmoja ambaye hujamwona tangu mambo yake yalipoharibika, nawe umekuwa ukijiambia kuwa huna nafasi. La kwanza litakuchukua miaka. La pili litakuchukua maisha. Lakini hilo la tatu laweza kufanywa leo, kabla jua halijatua, na njia ya kwenda nyumbani kwake unaijua.